Madishi ya Ngomeni hayasikilizi viumbe wa angani

Kila picha ya madishi ya Ngomeni ikiwekwa mtandaoni, hatakosekana mtu wa kusema kuwa Wataliano wanasikiliza viumbe wa angani. Hapana. Kituo kile cha Luigi Broglio, kaskazini mwa Malindi, hupokea data za satelaiti: masafa yanajulikana, njia inajulikana, na dishi hufuata. Anayewatafuta viumbe hajui masafa wala upande. Ukitaka la kujivunia, ni Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na kituo hicho, tarehe 12 Desemba 1970.

Linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba kuwatafuta viumbe hao ni kusikiliza redio tu. Mwanaastronomia Frank Drake alianza na redio 1960, kweli. Lakini mwaka huohuo mwanafizikia Freeman Dyson alipendekeza tutafute joto, na 1961 wanafizikia Schwartz na Townes wakapendekeza leza.

Leza kwanza, kwa ufupi. Mmweko wa nanosekunde chache, ukilengwa vizuri, waweza kuishinda nyota yake kwa mwanga kwa muda huohuo mfupi. Darubini hugawa mwanga kwa vigunduzi viwili. Tukio huhesabiwa vikilia pamoja. Kila kimoja kikipokea fotoni (chembe za mwanga) 100,000 kwa sekunde, na muda wa kuhesabiwa "pamoja" ukiwa nanosekunde 5, bahati nasibu pekee itakupa matukio 50 hivi kila sekunde. Ongeza cha tatu, yanashuka hadi moja au mawili kwa dakika. Hapo bado kuna miale ya kosmiki, chembe zenye nguvu kutoka angani, ambayo nayo humulika angahewa kwa nanosekunde chache.

Joto ndilo lenye utamu. Mtu huuliza, "Je, wakijificha?" Nishati waliyoitumia haipotei, lazima itoke ikiwa joto. Tanuri la chokaa ukilifunika, kifuniko chenyewe kitapata moto. Ustaarabu uliozungushia nyota yake vikusanyo vya nishati, kwa umbali kama wetu na Jua, ungekuwa na kelvini 300 hivi (kama nyuzi 27 za Selsiasi), na mng'ao wake ungefikia kilele kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikroni 10. Kwa hiyo hatuhitaji watuite. Twatafuta nyota inayong'aa kupita kiasi kwenye infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho.

Tatizo ni vumbi. Vumbi likizunguka nyota nalo hupata joto, nalo hutoa infraredi ileile. Mradi wa Hephaistos, unaotafuta joto la aina hii, ulipekua nyota takriban milioni 5 kwa data za Gaia, 2MASS na WISE (upimaji wa anga nzima; WISE ni darubini ya infraredi iliyo angani), na 2024 ukatangaza 7 zenye ziada isiyoelezeka kwa urahisi, zote vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye mwanga hafifu. Magazeti yakashangilia. Kisha angalau tatu zikakutwa na chanzo cha redio karibu nazo, na yaelekea ni galaksi za mbali zenye vumbi, zilizoangukia mstari uleule wa macho. Pikseli za WISE ni pana mno kutenganisha vitu viwili hivyo. Basi kabla ya kutamka neno "ustaarabu", pima kwa darubini za redio zenye picha kali, kisha uchukue spektra, yaani uuchambue mwanga kwa rangi zake.

Na hata sisi tunaoipenda njia hii tumejifunga kwenye kelvini 300 kwa sababu ni joto letu. Ganda la kelvini 100 kilele chake kingekuwa karibu na mikroni 29, na kipimo cha mwisho cha WISE ni mikroni 22.