Alama za rangi za kiwandani kwenye magari ya zamani: dhana potofu na ukweli

Gari linaletwa gereji chesi imeshapigwa mchanga hadi chuma cheupe, springi zimeoshwa kwa asidi, halafu mwenyewe anaomba "alama za kiwandani", yaani mistari, madoa na namba zilizowekwa na wafanyakazi wa kiwanda, zirudishwe. Ukimuuliza zilikuwa wapi na zilikuwa za rangi gani, jibu ni lile lile: angalia picha kwenye intaneti, modeli moja alama moja. Maneno hayo yanasemwa Ndeeba, yanasemwa Katwe, mitaa ya gereji hapa Kampala, na yanasemwa hata na watu waliokwisha kumaliza fedha nyingi kwenye bodi. Yameharibu magari ya kutosha.

Dhana: Magari ya modeli moja yote yana alama zile zile

Hapana. Alama hizo zilikuwa mawasiliano ya wafanyakazi wa laini ya kuunganisha magari. Mstari wa brashi kwenye springi ulitambulisha aina yake. Doa kwenye nati lilisema imekazwa na kukaguliwa. Namba ya chaki au ya kalamu ya nta kwenye ukuta wa injini (bati linalotenga injini na sehemu ya abiria) iliwaambia waliofuata bodi hiyo ifungwe vifaa gani. Kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na hata ndani ya kiwanda kimoja rangi ya doa iliweza kubadilika pale mkaguzi alipobadilika au kopo la rangi lilipoisha. Mustang za kwanza za Ford zilitoka Dearborn, San Jose na Metuchen, na herufi iliyo nafasi ya pili kwenye namba ya gari, baada ya tarakimu ya kwanza (F, R au T), ndiyo inayokuambia ni kiwanda kipi. Anayechukua picha ya gari la Dearborn na kuiga alama zake kwenye gari la San Jose anaandika uongo kwenye chuma.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito zaidi. Peugeot 504 iliyoko Kampala inaweza kuwa ilitoka Sochaux, Ufaransa, au iliunganishwa Kenya kutokana na vipande vilivyokuja ndani ya makasha. Land Rover vivyo hivyo. Kipande kilichokuja kwenye kasha kilibeba alama ya aliyekitengeneza, ilhali bodi ilipakwa rangi na kukaguliwa na watu wengine kabisa. Kwa hiyo gari moja linaweza kuwa na alama za koo mbili, na picha ya gari la Ulaya haitakuonyesha ya pili. Tena picha nyingi unazoziona ni za magari yaliyokwisha kukarabatiwa: nakala ya nakala.

Shahidi wa kwanza ni gari lako mwenyewe, na atasema tu kama hujamfuta. Soma kwanza kibao cha kiwandani chenye namba ya gari. Kisha, kabla ya msasa, mchanga au mashine ya maji ya presha, pakaa mafuta ya taa kwa brashi laini kwenye springi, propela, difu, mikono ya usukani na ukuta wa injini. Acha dakika kumi, futa kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, rudia. Thinna usiiguse, wala petroli: zinaondoa grisi na doa pamoja. Brashi ya waya nayo iweke mbali. Hapa vumbi jekundu na grisi vimejenga gamba nene chini ya magari, na gamba hilo ndilo mara nyingi lililohifadhi alama.

Ikijitokeza, piga picha kwa taa iliyolazwa pembeni, rula ikiwa ndani ya picha. Weka nailoni angavu juu yake, chora umbo lake kwa kalamu, na uandike umbali kutoka ukingo ulio karibu. Kuhusu rangi, kuwa mwangalifu: nyeupe iliyokaa na grisi miaka mingi hugeuka njano, na nyekundu iliyopigwa na jua hupauka. Tafuta sehemu iliyofunikwa, kwa mfano chini ya klampu, ndipo ulinganishe. Usipopata alama yoyote, acha pasipo alama. Pengo ni kweli. Alama ya kubuni si kweli.

Dhana: Alama iwe nadhifu

Mfanyakazi alikuwa na sekunde chache na brashi iliyochakaa. Stika iliyokatwa kwa mashine au mstari uliozibwa kwa tepu unaonekana wa uongo kutoka mita tatu. Tumia enameli ya kawaida, sehemu nne za rangi kwa moja ya thinna, na brashi ya nusu inchi iliyopunguzwa nywele. Kwa mstari wa propela, zungusha propela yenyewe brashi ikiwa imetulia. Miisho ipishane, tone likichuruzika liache. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bomba.

Dhana: Doa kwenye nati ni pambo

Hii ni hatari. Doa linawekwa baada ya nati kukazwa kwa spana ya torki, liguse nati na kile ilichokazwa juu yake, ili nati ikilegea mstari ukatike na fundi aone. Kulipaka kabla ni kumdanganya atakayelala chini ya gari hilo. Springi ni vivyo hivyo: kwenye Range Rover za zamani mistari hutofautisha springi, na ya upande wa dereva inaweza isiwe sawa na ya upande wa abiria. Kwenye Mercedes W123 rangi huendana na unene wa mpira wa springi, ule unaotambuliwa kwa kuhesabu vinundu. Ukinunua springi mpya za aina nyingine, usizipake rangi za zile za zamani. Gari litakaa upande, na anayekuja baadaye hatajua kwa nini.

Dhana: Malizia kwa klia (vanishi angavu) juu ya kila kitu

Juu ya nta klia haishiki. Inajikunyata na kubanduka. Juu ya enameli ambayo haijakauka vizuri, klia ya kuchanganya na hadena (dawa ya kukaushia) huinua rangi yote, hasa msimu wa mvua ambapo enameli huchelewa kukauka. Kwa propela ya chuma kitupu fuata mpangilio huu: klia isiyong'aa, ikauke, msasa namba 600 kidogo, mstari wa rangi, basi. Alama ya kalamu ya nta iwe ya mwisho kabisa, baada ya rangi ya bodi, na isifunikwe.

Na toa upepo wa breki kabla ya kuweka alama yoyote karibu na magurudumu. Mafuta ya breki yakidondoka juu ya enameli yanailainisha na kuivua, na doa ulilolifanyia kazi asubuhi halifiki jioni.