Utumbo wa Mtoto Hujifunza Kutulia: Kwa Nini Uji Usubiri Miezi 6

Mama anamshusha mwanawe kwenye mizani ya kliniki hapa Newala na kuuliza: haharishi, uji anamaliza, mbona kilo hazipandi? Swali hili tunalisikia mara nyingi. Wakati mwingine jibu lake limejificha kwenye utumbo mwembamba, kwenye ukuta wenye unene wa seli moja tu.

Juu ya seli hizo kuna vipokezi, yaani protini zinazotambua alama za vijidudu. Kinachojulikana zaidi ni TLR4, kinachotambua mafuta ya gamba la baadhi ya bakteria. Mwanasayansi Bruce Beutler wa Marekani alilibaini hilo mwaka 1998, na mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Kipokezi kikishika alama hiyo, seli hutoa kemikali za kuwaita askari wa mwili, na mahali pale huvimba. Uvimbe wa muda mfupi hutukinga. Ukidumu, unamla mtoto taratibu.

Sasa, utumbo haukosi bakteria hata siku moja, na wengi wao hawana ubaya. Mlinzi wa ghala la korosho msimu wa mnada akipiga filimbi kwa kila lori, kazi itasimama. Ndiyo maana mwili huwafunga breki walinzi wake. Seli za ukuta hubaki na TLR4 chache. Kimeng'enya kiitwacho fosfatezi ya alikali, kilichojaa kwenye kingo zake, huyapunguzia makali mafuta ya bakteria kabla hayajakiamsha kipokezi. Taarifa ikipenya, protini kama Tollip na A20 huikatiza ndani ya seli. Ute na kingamwili za IgA huwaweka bakteria mbali.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba utulivu huu hujengwa. Kwa panya wa maabara, seli za utumbo hushtuka zinapokutana na bakteria wakati wa kuzaliwa, kisha hupunguza kuitikia. Mtoto njiti huzaliwa TLR4 ikiwa bado nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi yao kuugua hadi sehemu ya utumbo kufa. Maziwa ya mama hupunguza hatari hiyo. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, ina IgA nyingi. Nasikitika kila ninaposikia imekamuliwa na kumwagwa eti ni chafu.

Kwenye uwanda wa Makonde, ilipo Newala yetu, maji ni ya shida, na ya mvua hukaa tangini muda mrefu. Uji wa muhogo uliopikwa asubuhi na kunyweshwa jioni humpelekea mtoto bakteria kila siku. Hapo breki huzidiwa: vinyweleo vya utumbo, yaani vijidole vidogo vinavyofyonza chakula, hufupika, ukuta huvuja, chakula hakifyonzwi vizuri. Mtoto anaweza asiharishe kabisa, huku akidumaa.

Kwa hiyo miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee, hata maji hapana. Baada ya hapo, maji yachemshwe, uji upikwe wa kutosha mlo mmoja, na kuku wazuiwe pale mtoto anapotambaa. Ukija kliniki, mwombe mhudumu ampime urefu pia, pamoja na uzito.