Mmea Haupimi Mchana, Unapima Giza

Masomo ya mwanga na mimea mara nyingi huishia kwenye usanisinuru: jani hupokea mwanga, hutengeneza sukari, mmea hukua. Ni kweli, ila ni nusu tu ya habari. Kwa mwanga huohuo mmea hujua upande gani uko wazi, kama una majirani, na msimu umefika wapi. Homoni ndizo zinazoupeleka ujumbe huo hadi kwenye seli zinazotakiwa kuutekeleza. Nusu hii ya pili isipofundishwa vizuri, dhana potofu huziba pengo.

Dhana: mimea ya siku fupi huchanua kwa sababu mchana umepungua

Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu tumbaku iitwayo Maryland Mammoth. Shambani, katika majira ya joto, tumbaku hiyo ilizidi kurefuka bila kutoa ua. Walipoiingiza gizani kila siku mapema kuliko kawaida, ikachanua. Hapo yakaanza majina "mimea ya siku fupi" na "mimea ya siku ndefu". Ugunduzi ulikuwa mkubwa, lakini majina hayo yanapotosha hadi leo.

Mwaka 1938 Hamner na Bonner waliujaribu mmea wa Xanthium, ambao ni wa siku fupi. Mchana ulipokatizwa kwa giza la muda mfupi, ulichanua vilevile. Usiku ulipokatizwa kwa mwanga wa muda mfupi, haukuchanua kabisa. Kumbe kinachohesabiwa ni giza lisilokatizwa. Kwa mmea huu, saa 8 na nusu hivi au zaidi. Ndiyo maana Xanthium huweza kuchanua hata mchana ukiwa wa saa 15, urefu ambao wengi wasingeuita "siku fupi". Neno hilo halina maana ya mchana ulio chini ya saa 12. Lina maana kwamba usiku usipungue kiwango ambacho kila aina ya mmea imejiwekea.

Wakulima wa krisanthemamu, maua ambayo nayo ni ya siku fupi, huutumia ukweli huu kila msimu. Wakitaka kuchelewesha maua huwasha taa katikati ya usiku. Wakitaka kuyaharakisha hufunika mimea kwa kitambaa cheusi.

Kinachoiona taa hiyo ni fitokromu, protini ya rangi iliyomo ndani ya seli. Mwanga mwekundu, wa nanomita 660 hivi, huiwasha. Mwanga mwekundu wa mbali, wa nanomita 730 hivi, huizima. Ukiumulika mmea kwa mwekundu katikati ya usiku kisha papo hapo ukafuatisha mwekundu wa mbali, ni kana kwamba usiku haukuguswa. Mimi naona hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika elimu ya mimea: mmweko wa mwisho ndio unaoamua. Hata hivyo, si fitokromu peke yake inayohesabu saa. Mmea una saa yake ya ndani, na fitokromu huupa habari za lini mwanga umekuja na lini umeondoka.

Dhana: ncha ya shina ndiyo inayotambua msimu, kwa kuwa ndiko ua linakotokea

La, ni jani. Jani moja la Xanthium likipewa usiku mrefu, mmea mzima unaweza kuchanua. Katika miaka ya 1930 Mikhail Chailakhyan alipendekeza kwamba jani hutuma homoni ya maua, akaiita florijeni. Wanasayansi waliitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2007 ndipo ilipothibitishwa kwamba protini iitwayo FT husafiri kutoka kwenye jani, kupitia mishipa ya chakula, hadi kwenye ncha.

Dhana: mche huinamia dirisha kwa sababu upande wenye mwanga hukua zaidi

Kinyume chake. Homoni ya oksini husogezwa upande wa kivuli, seli za huko hurefuka zaidi, na shina hupinda. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba ncha ya mche wa nyasi ikifunikwa, kupinda hakutokei.

Dhana: gizani mmea haukui

Hurefuka, tena kwa kasi, ukiwa mwembamba na wa rangi ya manjano, ukila akiba ya mbegu kuutafuta mwanga.

Dhana: homoni ni kama mbolea, ukizidisha mmea unanawiri

Dhana hii inaleta hasara. Kiasi cha oksini kinachorefusha shina huweza kuuzuia mzizi kukua. Dawa ya magugu 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa: huyaua magugu ya majani mapana kwa kuuvuruga ukuaji wao. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba miche ya mpunga iliyorefuka kupita kiasi na kudhoofika ilikuwa ikiathiriwa na kemikali ya kuvu. Kutoka kwenye kuvu hiyo ndiko jiberelini, homoni inayorefusha shina, ilikopatikana. Ngano fupi za Mapinduzi ya Kijani, yaani juhudi za karne ya 20 za kuongeza mavuno ya nafaka, zilielekea upande wa pili. Jeni zao huzifanya ziitikie jiberelini kidogo, hivyo shina halirefuki sana, halianguki kwa uzito wa masuke, na sehemu kubwa zaidi ya chakula cha mmea huingia kwenye punje.