Kazi ya ngono katika sinema ya ufeministi: maana yake

Mtaani tunasema fulani "anajiuza". Hiyo -ji- ndogo imebeba hukumu nzima: bidhaa ni yeye mwenyewe. Filamu nyingi, za kwetu na za nje, zimejengwa juu yake. Changudoa anatokea, kamera inapanda polepole kutoka viatuni hadi kifuani, na kabla filamu haijaisha ameugua, ameokoka au ameuawa. Utazamaji wa namna hiyo Laura Mulvey wa Uingereza aliuandikia makala mwaka 1975, na tangu hapo unaitwa mtazamo wa kiume.

Sinema ya ufeministi, yaani ile inayohoji wanawake wanavyotazamwa, huanza kwa kuing'oa hiyo -ji-. Huuliza: anauza nini hasa, saa ngapi, na pesa inaenda wapi? Jina "kazi ya ngono" lenyewe lilitoka kwa Carol Leigh, Mmarekani aliyeifanya kazi hiyo na kutengeneza filamu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye mkutano wa wanaharakati San Francisco, alikuta mada imeandikwa kama biashara ya "kutumia ngono". Akaona hapo ametajwa mwanamume anayetumia. Mwanamke anayefanya kazi hayumo.

Mfano ulionifungua macho ni Jeanne Dielman (1975) ya Chantal Akerman, Mbelgiji. Jeanne ni mjane wa Brussels anayelea mwanawe wa kiume, na kila alasiri hupokea mteja mmoja. Mlango wa chumba unafungwa, sisi tunabaki koridoni. Mteja anapoondoka analipa, na noti zinaingia kwenye bakuli la supu lenye mfuniko, pale pale mezani wanapolia chakula. Kisha Jeanne anaoga na kulisugua bafu. Kamera imetulia tuli, haimkaribii, haimpapasi. Viazi vinapomenywa inatulia vivyo hivyo, kiazi kimoja baada ya kingine. Filamu ina saa tatu na dakika 21, na anayesema inachosha hajakosea, maana ule uchovu ndio habari. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na mimi nilishtuka kama nimeona ajali. Chumbani tunaingia siku ya tatu tu. Yanayofuata sisemi. Mwaka 2022 wahakiki waliopiga kura katika jarida la Sight and Sound waliiweka ya kwanza kati ya filamu zote, mara ya kwanza kwa filamu ya mwanamke.

Juni ya mwaka huohuo wa 1975, wanawake wa kazi hiyo waliingia kanisa la Saint-Nizier mjini Lyon, Ufaransa, wakalikalia kupinga faini, vifungo na usumbufu wa polisi. Mtengeneza filamu Carole Roussopoulos akaingia na kamera ya video. Skrini ziliwekwa nje ya kanisa, wapita njia wakasimama kuwasikiliza. Walizoea kutazamwa barabarani. Sasa walizungumza wao, na mtu wa barabarani akanyamaza.

Si kwamba mafeministi wanakubaliana. Wapo wanaoshikilia kwamba huu ni ukatili, na kuuita kazi ni kuupaka rangi. Mholanzi Marleen Gorris, katika filamu yake ya 1984 kuhusu danguro la Amsterdam, alipishanisha maisha ya humo na kisa cha mwanamume anayeteka wanawake. Ujumbe wake hauhitaji mkalimani.

Lizzie Borden wa Marekani alishika njia nyingine katika Working Girls (1986). Ni siku moja ndani ya danguro la Manhattan, kwenye nyumba ya kawaida ya ghorofa: simu inaita, taulo zinabadilishwa, wasichana wanamsengenya bosi akitoka. Wateja wa Molly, mmoja wa wasichana hao, wengine ni wapole, wengine wa ovyo, kama wa duka lolote. Kinachommaliza ni bosi kumbembeleza abaki zamu ya pili.