Kwotabeki aliyepoa si lazima awe ameuchoka mchezo

Agosti 24, 2019, mashabiki wa Indianapolis Colts, timu ya futiboli ya Marekani, walimzomea Andrew Luck, kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), akitoka uwanjani. Habari kwamba anastaafu akiwa na miaka 29 zilivuja mechi ikiendelea, na wengi wakasema hana tena moyo wa kucheza.

Si kweli, na ni kumwonea. Msimu uliotangulia alirusha pasi 39 za tachidauni, yaani zilizofunga kwa kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Kilichommaliza, kama alivyoeleza mwenyewe, ni mzunguko wa kuumia, maumivu na kujiuguza: figo iliyochanika 2015, bega la kurushia lililomkosesha msimu mzima wa 2017, kisha kigimbi na kifundo cha mguu wa kushoto.

Mguu huo si jambo dogo. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa nyuma husukuma, wa kushoto hukita mbele, nyonga huzunguka, ndipo mkono hufuata. Usipokita sawasawa, pasi hupaa juu ya mpokeaji, na bega lililopasuliwa hubeba mzigo wote.

Kwa hiyo kabla ya kuusoma uso wa kwotabeki, tazama miguu yake, kisha soma ripoti ya majeruhi ambayo timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, hutoa Jumatano hadi Ijumaa kabla ya mechi ya Jumapili.