Kulala pangoni uwandani: mvua yote ile imekwenda wapi?

Jangwa Unguja hatuna. Tuna uwanda, ile nchi ya mawe ya mashariki na kusini ya kisiwa, na ukiukata kwa miguu saa sita mchana mwezi wa Februari hutojali sana tofauti. Mto hakuna, dimbwi hakuna, udongo umejikusanya viganja viwili vitatu ndani ya mashimo ya jiwe, na humo humo watu hupanda mtama na kunde. Ajabu ni kwamba mvua inanyesha, tena ya kutosha: masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha vuli kuanzia Oktoba. Mimi kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi. Kila ninapokwenda kulala kwenye pango lililo nyuma ya kijiji cha Jambiani, vijana ninaofuatana nao huuliza swali lile lile, basi leo naliandika jibu.

Jiwe tunalokanyaga ni matumbawe. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa, na miamba hai ikajijenga pale ambapo leo pana nyumba na skuli. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki nje yakawa chokaa ngumu. Ndani ya pango, zimulike kuta kwa tochi kutoka ubavuni, maana mwanga wa mbele hufuta kila kitu, uone vichwa vya matumbawe na makombe vimeganda pale pale vilipoishi.

Mvua ikishuka huchukua hewa ukaa angani, na huchukua nyingi zaidi ikipita kwenye udongo wenye mizizi. Hapo inakuwa tindikali, lakini dhaifu, kama soda iliyoachwa wazi usiku kucha. Nguvu yake ni muda. Inaingia kwenye ufa, inakula chokaa kidogo kidogo, ufa unapanuka, unakuwa mfereji, mfereji unakuwa ukumbi. Siku dari ikichoka inaporomoka, na sisi tunapata mlango. Jiwe lenye matundu namna hiyo haliwezi kushika maji juu yake. Hata vijito vinavyoanzia kwenye udongo wa magharibi, vikifika maweni vinazama.

Vinazama, havipotei. Maji ya bahari yamepenya chini ya kisiwa, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, yanakaa juu yake bila kuchanganyika sana. Hesabu yake ni ya kushtua: pale maji matamu yalipoinuka mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yameshuka takriban mita 40. Igeuze hesabu hiyo uone hatari yake. Pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 tu, na ikaendelea hivyo, chumvi chini inaweza kupanda kama mita 4. Karibu na pwani tabaka la maji matamu ni jembamba, na nyufa zinairahisishia chumvi njia. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kuchimba kisima kirefu zaidi kwa sababu cha kwanza kimeingia chumvi, huwa nakosa subira. Anaifuata chumvi huko huko iliko.

Ukiwa na usiku mzima pangoni, haya utayashuhudia mwenyewe. Simamisha kijiti chenye alama kwenye maji, keti. Bahari iko mbali, mawimbi huyasikii, lakini maji yanapanda na kushuka. Huchelewa kuliko pwani na hayafiki kimo kile, kwa sababu jiwe linayazuia njiani. Nenda siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ndipo uione tofauti vizuri. Maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, yatakuchosha bure.

Si mbali na hapo kuna pango la Kuumbi, ambalo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichimba mwaka 2005, na watafiti wengine wakalirudia baadaye. Katika tabaka za chini kulikutwa mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao hawakuogelea. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na mkondo unaotutenga na bara, ambao ni wa kina kifupi, ulikuwa nchi kavu. Pemba ni habari nyingine, mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Watu walikaa pale Kuumbi wakawinda, na ukilala kwenye pango jirani huna budi kuwaza walichota maji wapi.

Sasa mambo ya kulala. Kwanza muone sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia, halafu mzee anayeliangalia pango, kwa sababu mengi yana mzimu. Mzee wa pango letu alituonesha vitambaa na vyetezo akasema, "Wanangu, huku laleni mtakavyo, kule msipite." Hatukupita, wala hatukupiga picha.

Tandika karibu na mlango, pasipo bonde. Hewa ukaa ni nzito, hukaa chini penye shimo lisilopitiwa na upepo. Moto upikie nje. Moshi unawafukuza popo na kuichafua chokaa inayoning'inia darini, ambayo tone baada ya tone imechukua maelfu ya miaka. Popo usiwaguse, na kinyesi chao usikitimue, kina kuvu wanaoingia mapafuni. Viatu viwe vya soli ngumu, ndara jiwe hili litazila. Masika usiende kabisa.

Choo ndilo jambo ninalolikazania kuliko yote. Mchanga huchuja maji, jiwe lenye nyufa halichuji kitu. Kinachoachwa juu leo kinaweza kuwa kisimani mwa mtu baada ya mvua moja. Sisi tunabeba ndoo yenye kifuniko na majivu, tunarudi nayo mjini. Maji ya pangoni tunachemsha hata yakionekana maangavu, na ya kunywa ya siku ya kwanza tunatoka nayo nyumbani kwa madumu.