Kwa nini yoti yenye injini kubwa huvuka bahari kwa mwendo wa baiskeli?

Kutoka visiwa vya Galápagos hadi visiwa vya Marquesas, katika Pasifiki, ni takriban maili 3,000 za baharini, na njiani hakuna kisiwa hata kimoja cha kuongezea dizeli. Yoti ya injini yenye urefu wa mita 15 ikifunga safari hiyo, nahodha huiendesha kwa noti 6 hivi, yaani kilomita 11 kwa saa. Mwendesha baiskeli asiye na haraka angeiacha nyuma. Inachukua karibu siku 21, injini ikinguruma usiku na mchana. Mbona asikanyage mafuta afike mapema?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, na lilikuwa la makosa. Niliwaza hivi: njia ni ileile. Kwa noti 6 injini inawaka saa 500. Kwa noti 9 inawaka saa 333 tu. Basi anayekimbia anaokoa mafuta, au angalau anatumia yaleyale. Mwendo wa polepole nikauhesabu kuwa ni wa kuitunza injini, au kuyaogopa mawimbi. Nimewasikia watu wengi wakiwaza vivyo hivyo, na ni rahisi kuona kwa nini: kwenye foleni za barabarani tumezoea kuona gari likitambaa na kumaliza mafuta bure.

Kosa liko kwenye kudhani kwamba saa moja ya injini ni sawa na nyingine. Kwa chombo kinachopasua maji, nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Kutoka noti 6 hadi 9 kasi imeongezeka mara moja na nusu, lakini nguvu imeongezeka karibu mara 3.4, huku muda ukipungua kwa theluthi moja tu. Kila maili sasa inakula dizeli mara mbili na robo. Tangi ambalo lingekufikisha Marquesas kwa noti 6 litakauka kwenye maili ya 1,333, kabla hujafika hata katikati ya bahari. Na hiyo ni hesabu ya upole, kwa sababu kwa chombo cha urefu huu, karibu na noti 9 maji hubadilika tabia.

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Chombo kikisukuma maji huzaa mawimbi yanayosafiri nacho kwa kasi ileile, na wimbi la bahari kuu lina sharti moja: likienda kasi zaidi, lazima liwe refu zaidi. Inama ubavuni mwa yoti hiyo ya mita 15 utazame. Kwa noti 4, vilele vya mawimbi vimeachana kwa mita 2.7, kwa hiyo utahesabu vitano ubavuni. Kwa noti 6, vimeachana kwa mita 6. Utaona viwili au vitatu. Ikifika noti 9.4, wimbi limekuwa na urefu wa mita 15, sawasawa na chombo chenyewe. Kilele kimoja kiko omo, yaani mbele, kingine tezi, yaani nyuma, na yoti imelala bondeni katikati.

Ongeza kasi kidogo tu, kile kilele cha nyuma kinakimbilia nje ya tezi. Tezi inazama, omo inanyanyuka, na chombo kinaanza kupanda mlima. Mlima huo hauna upande wa kushuka, kwa sababu chombo chenyewe ndicho kinachoujenga, na unasogea nacho. Ni kama mtu anayepanda ngazi zinazoshuka: anatoka jasho, lakini haimalizi ngazi ya mwisho.

Mwingereza William Froude aliuchunguza ukinzani huu kwa kuvuta mifano midogo ya meli kwenye tangi la maji alilolijenga mjini Torquay, Uingereza, mwaka 1872. Mwaka 1963 Robert Beebe, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, alitoka Singapore hadi Ugiriki kwa boti yake ya futi 50, Passagemaker, iliyobuniwa kwa ajili ya mwendo huo wa subira.

Boti za mbio huukwepa mlima kwa kuruka juu yake na kuteleza usoni pa maji, ila lazima ziwe nyepesi. Dizeli ya maili 3,000 haikubali. Katamarani, yaani boti yenye viwiliwili viwili sambamba, haibanwi sana na mlima huo, kwa wembamba wa viwiliwili vyake. Kipeo cha tatu nacho ni makadirio: umbo, uchafu ulioota chini ya chombo na upepo wa mbele hubadilisha hesabu. Kupunguza mwendo kupita kiasi pia hakulipi, maana jenereta ya taa na majokofu inaendelea kunywa hata ukitambaa.

Ndiyo maana nahodha hupima tangi kila siku, akilinganisha lita zilizobaki na maili zilizobaki, akiba ikiwa imetengwa pembeni. Wiki za mwanzo chombo ni kizito kwa mafuta na mkono wa nahodha ni mgumu. Siku mbili tatu kabla ya kuuona mlima wa kwanza wa Marquesas, kama hesabu zimekaa vizuri, hapo ndipo hujiruhusu noti moja zaidi.